Kamari Iliyovaa Jezi

Katika nyumba zetu za pwani malalamiko juu ya michezo ya video yamekuwa ni ya kila jioni. Mama humlalamikia mtoto kwa kushinda kwenye banda la gemu, baba hutishia kuivunja simu, na bibi husema zama zimeharibika. Sina ugomvi na malalamiko hayo. Ugomvi wangu ni kwamba yanaelekezwa pasipo. Tunakikemea kile kinachochukiza macho, na kile chenye kudhuru khasa kinapita mlangoni nasi tunakiitikia salamu.

Jambo hili lilinidhihirikia kwa suala lililotoka Kolo, wilaya ya Kondoa. Huenda wasomaji wetu wa Tanga, Unguja na Mombasa wanaisikia Kolo kwa michoro ya mapangoni tu, ile ya rangi nyekundu ya watu na wanyama, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini Kolo ni kijiji cha watu walio hai. Wengi wao ni Warangi, na wengi ni Waislamu wenzetu, kwani dini ilifika Kondoa pamoja na misafara ya biashara iliyotoka huku kwetu. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, nayo yapita hapo Kolo. Kilichopo mjini leo, kesho kipo kijijini. Na simu haikungoja hata hiyo lami.

Kijana mmoja wa huko, hodari wa gemu ya mpira kuliko wenzake wote wa rika lake, alitaka kwenda Dodoma mjini kushindana na vijana wa mkoa. Akamwomba mama yake nauli na kiingilio. Nyumba ile fedha yake ni alizeti. Kabla ya kuuza, mama akamwuliza kaka yake, "Kaka, huo mchezo una nini ndani yake?" Yule mjomba, mtu mwema na mwenye kuswali, akajibu, "Ni mpira tu, dada. Hamna damu wala uchi." Mama akaridhika, alizeti ikauzwa.

Jibu la yule mjomba ndilo jibu la wengi wetu, na ndilo ninalotaka kulichambua. Kipimo chake ni macho. Kwa kipimo hicho mchezo kama Tekken, ambao kampuni ya Namco ya Japani iliutoa mara ya kwanza mwaka 1994, hukataliwa papo hapo. Watu wawili wanapigana ngumi na mateke, na baadhi ya wanawake waliochorwa humo wamevishwa nguo ambazo hakuna mzazi wa Kiislamu angependa binti yake azione, sembuse kuzivaa. Nami hapo siutetei. Uchoraji ule ni mbaya, tena ni wa kijinga, maana hauongezi lolote katika mchezo. Kwa kipimo hicho hicho gemu ya mpira hupita bila kuulizwa: jezi, nyasi, mwamuzi, watazamaji wanaimba. Basi tuuweke chini ubaya wa nguo kwa dakika chache, tuuangalie mchezo kwa kipimo kingine, kilicho cha zamani kuliko umeme.

Wazee wetu wa pwani walicheza bao, na hadi leo linachezwa barazani. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Anayelijua bao ajua kwamba hakuna bahati ndani yake. Kete zote zinaonekana. Ukishindwa, umeshindwa kwa hesabu. Wachache wanajua kwamba michezo ya jamii hii iliwahi kujadiliwa na mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii. Ubao wenye mashimo na vijiwe ulikuwako katika nchi zao, na maulamaa wakakhitilafiana: je, hukumu yake ni ya nardi, mchezo wa dado ambao ni haramu, au ni ya sataranji, ambayo Mashafii wengi wameihesabu kuwa makruhu maadamu haina dau wala haimpitishi mtu wakati wa swala? Imam ar-Rafii, aliyefariki mwaka 1226, akatoa kipimo, na Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akakinakili katika muhtasari wake. Maana yake ni hii: mchezo unaotegemea kutupa dado uende na nardi, na unaotegemea kufikiri uende na sataranji.

Tazama uzuri wa kipimo hicho. Hakikuuliza ubao umetengenezwa kwa mti gani, wala kama mchezo ni wa kigeni au wa nyumbani. Kiliuliza kitu kimoja: nani anayeamua, akili ya mchezaji au dado?

Tukikishika kipimo hicho, mshangao wa kwanza ni kwamba Tekken, pamoja na nguo zake mbaya, uwanjani ni mchezo wa ustadi mtupu. Kila mmoja anachagua mpiganaji wake, nguvu za kuanzia ni sawa, na ukitaka mpiganaji wa ziada unauziwa kwa bei iliyoandikwa. Kijana wa Lahore, Pakistani, Arslan Siddique, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, alifika Japani mapema mwaka 2019 baada ya taabu za viza na safari, hana jina lolote duniani, akashinda mashindano ya EVO. Miezi michache baadaye akashinda na yale ya Las Vegas. Hakutoka katika nchi ya makampuni. Alitoka katika vibanda vya mashine za mtaani, walikofundishana wenyewe kwa wenyewe. Huku kwetu, Sylvia Gathoni wa Nairobi, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow na aliyekuwa mwanafunzi wa sheria wakati huo, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa mchezo huo huo. Mzazi anaweza kusema hataki mwanawe aupitie mlango ule, na ana haki. Asiseme tu kwamba vijana wale ni wavivu wa akili.

Na gemu ya mpira? Mechi yenyewe ni ustadi pia. Mwaka 2018 Mosaad Al-Dossary wa Saudi Arabia, kijana wa miaka 18, alitwaa kombe la dunia la gemu hiyo jijini London na zawadi ya dola 250,000, wala hakuna aliyethubutu kusema ni bahati. Lakini ndani ya mchezo ule mmewekwa mchezo wa pili, na huo yule mjomba wa Kolo hakuuona kwa sababu umevaa jezi.

Mchezo huo wa pili ni wa kukusanya kikosi. Mchezaji hapewi timu iliyo tayari. Anaijenga, na wachezaji wanatoka katika pakiti zilizofungwa. Pakiti hununuliwa kwa sarafu alizozichuma kwa kucheza saa nyingi, au kwa pointi zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Ukishalipa, ndipo unaifungua na kuona umepata nani. Aghalabu ni watu usiowahitaji. Mara moja katika mara nyingi sana ni yule nyota. Kuna taa zinazowaka na milango inayofunguka polepole ili moyo udunde. Sasa mwite ar-Rafii umwulize hapo nani anaamua. Kampuni ya EA, inayoutengeneza mchezo huo uliokuwa ukiitwa FIFA hadi mwaka 2023 ukabadilishwa jina, ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na kikosi cha aina hiyo, katika michezo yake yote iliyo nacho, kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021. Hiyo ni zaidi ya robo ya mapato yake yote. Gemu ya eFootball ya Konami, ambayo vijana wengi wanayo katika simu, imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2021, nayo ina sarafu zake na bahati nasibu yake ya kusajili wachezaji. Kitu cha bure kina njia zake za kulipwa.

Wako watakaosema natia chumvi. Basi nawaleta mashahidi wasio Waislamu. Mwaka 2018 tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti hizo za kulipia ni kamari kwa sheria ya nchi ile, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi hizo Ubelgiji. Uadilifu wanitaka niseme pia kwamba Uholanzi mambo yaligeuka. Kampuni ilitozwa faini ya yuro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta, kwa hoja kwamba pakiti si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi. Hoja hiyo ni ya kisheria na yawezekana ni sahihi kwa sheria yao. Kwa kipimo chetu haisimami. Ukiweka dado katikati ya ubao wa bao, ubao haujaisafisha dado.

Turudi kwa kijana anayekwenda Dodoma. Ikiwa mashindano yanaruhusu kila mtu aje na kikosi chake alichokijenga katika simu, basi kiingilio si fedha ya kwanza kutoka. Ya kwanza ilikwisha kutoka zamani, mia tano leo, elfu kesho, kwa njia ya simu, na mama hakuulizwa. Ikiwa wote wanapewa timu zilizo sawa, mlango huo umefungwa, na muandaaji aliyefanya hivyo astahili sifa.

Lakini kiingilio nacho kina maneno yake. Tuseme vijana 32 wanatoa shilingi 5,000 kila mmoja. Ni shilingi 160,000. Mshindi anapewa 100,000, wa pili 30,000, na 30,000 anabaki nayo mwenye banda. Vijana 16 wanatoka raundi ya kwanza, wamecheza mechi moja tu. Fedha ya mshindi imetoka wapi? Imetoka mifukoni mwa wenzake walioshindwa, na kila mmoja alipotoa elfu tano yake alikuwa akitumai kuchukua za wengine. Huo ndio umbo la kamari iliyokatazwa katika Suratul Maida, hata kama mchezo wenyewe ni wa akili kama sataranji. Ustadi hauisafishi dau. Mafakihi waliishughulikia sura hii katika mbio za farasi: wakisema wote wawili wakiweka dau, mchezo haufai mpaka aingie wa tatu asiyeweka kitu na mwenye kuweza kushinda, wanayemwita muhallil. Na hiyo ni katika farasi na mishale, mambo ya kujilinda nchi. Katika gemu ya mpira hata mlango huo sijui nani angeufungua.

Mambo yangekuwa mengine kama kiingilio ni cha umeme na ukumbi tu, na zawadi inatolewa na mtu wa nje asiyeshindana, duka la simu au halmashauri. Hapo maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana. Wako wanaoibana zawadi katika mashindano ya farasi, ngamia na mishale kama ilivyokuja katika hadithi, na wako wanaoiona zawadi ya mtu wa tatu kuwa ni hiba. Msomaji amwulize shekhe wake. Kwangu mimi, tofauti baina ya banda lile na shindano kama hili ni kubwa, na muandaaji anaweza kuvuka kutoka la kwanza kwenda la pili kwa jioni moja ya kutafuta mdhamini.

Kubeti kwa watazamaji walio nyuma ya viti sina haja ya kukueleza. Kila mtu anakujua na hakuna anayekutetea mbele za watu. Na swala nayo: mashindano yanayoanza saa nane mchana yanaimeza Alasiri na Magharibi, nami nimeshangaa kwamba waandaaji Waislamu, ambao hawawezi kusahau kuweka nafasi ya soda, husahau dakika kumi za kuswali.

Yule mjomba anadhani hatari ya gemu iko Japani au Marekani, kwa watu wasiotujua. Hilo nalo limebadilika. Riyadh iliandaa mwaka 2024 kombe la dunia la michezo hii, zawadi zake zote pamoja zikipita dola milioni 60. Kisha Septemba 2025 ikatangazwa kwamba mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, pamoja na washirika wake, wamekubaliana kuinunua hiyo EA kwa dola bilioni 55. Maulamaa wa nchi ile wana masikio ya kusikilizwa kuliko sisi. Ubelgiji iliuliza kuhusu pakiti zile kwa sheria yake ya kibinadamu, na pointi zikaacha kuuzwa kwake. Nangoja kusikia Riyadh itauliza nini, na nani atajibu.