Namba Nasibu na Mvua ya Kubuni katika Miteremko ya Mlima Kenya

Katika kaunti za Embu na Meru, mwendo wa makumi machache ya kilomita hutosha kubadilisha msimu mzima: anayeshuka kutoka mashamba ya chai ya Manyatta hadi Ishiara hukuta ardhi ya ndengu, kunde na mtama, ilhali Timau, iliyo upande ambao mlima huzuia pepo zenye unyevu, hupata mvua haba kuliko Imenti. Vituo vya kupimia mvua havilingani na wingi wa tofauti hizo, na kumbukumbu za miaka mingi zisizokatika ni adimu zaidi, hivyo mtafiti anayetaka kujua mahindi yatakomaa mara ngapi katika misimu 100 hana misimu 100 ya kutazama. Pengo la namna hiyo ndilo linalozibwa na MarkSim, programu ya kuzalisha mvua ya kubuni ya siku hadi siku, ambayo Peter Jones wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, Colombia, na Philip Thornton wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, waliieleza mwaka 2000 kwa ajili ya Afrika na Amerika ya Kilatini. Malighafi ya mvua hiyo ni namba za desimali zilizo kati ya 0 na 1, zinazotolewa kwa nasibu.

Kompyuta hufuata maagizo, na agizo lilelile huleta jibu lilelile. Kwa hiyo namba hizo ni nasibu bandia, yaani zimekokotolewa kwa kanuni isiyobadilika ingawa anayezitazama haoni mpango ndani yake. Kanuni iliyo rahisi kufuatwa kwa kalamu ni ile iliyopendekezwa na Mmarekani Derrick Lehmer mwaka 1949, ambayo sura yake mojawapo ilitetewa na Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988. Huchukuliwa namba nzima ya kuanzia, iitwayo mbegu, ikazidishwa kwa 16,807, kisha jibu likagawanywa kwa 2,147,483,647, na baki likawa namba inayofuata, ambayo nayo huzidishwa vivyo hivyo. Ili kupata desimali, kila baki hugawanywa tena kwa 2,147,483,647. Mbegu ikiwa 1, desimali ya kwanza ni 0.0000078, na kwa kuwa udogo wake ni urithi wa udogo wa mbegu tu, ni busara kuitupa. Zinazofuata ni 0.1315, 0.7556, 0.4587, 0.5328, 0.2190, 0.0470, 0.6789, 0.6793 na 0.9347.

Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba siku inayofuata siku kavu ina uwezekano wa 0.3 wa kunyesha, inayofuata siku ya mvua ina 0.6, na wastani wa siku ya mvua ni milimita 10, msururu huo huanza kugeuka hali ya hewa. Jana palikuwa pakavu, 0.1315 ni ndogo kuliko 0.3, basi leo inanyesha, na kiasi chake hupatikana kwa kuchukua logarithimu asilia ya 0.7556, kuigeuza alama na kuizidisha kwa 10, yaani milimita 2.8. Kesho yake 0.4587 haifiki 0.6, mvua inaendelea, na 0.5328 inatoa milimita 6.3. Siku ya tatu 0.2190 inaruhusu mvua tena, na 0.0470 inaleta milimita 30.6, mvua ya kuondoka na udongo wa mteremko usio na matuta. Kisha 0.6789 inaikata mvua, na namba mbili zilizosalia zinaendeleza ukavu. Hapa yafaa kuongeza kwamba desimali 0 kamili ingeharibu hesabu yote, maana logarithimu yake haina kikomo. Kanuni ya Lehmer haiitoi kamwe, lakini zipo nyingine zinazoitoa, na mwandishi makini wa programu hujikinga kwa kuitoa desimali kutoka 1 kabla ya kutafuta logarithimu.

MarkSim haikuishia kwenye kumbukumbu ya siku moja. Uwezekano wa mvua ndani yake hutegemea siku tatu zilizotangulia, mpango uitwao mnyororo wa Markov wa daraja la tatu, na kiasi cha mvua hufuata mtawanyo wa gama, ambao huziruhusu mvua ndogo kuwa nyingi na kubwa kuwa chache. Hata hivyo, hatua yenye thamani kubwa zaidi ni nyingine: vizalishi vya kawaida hutoa miaka inayofanana kupita kiasi, nao Jones na Thornton walifanya baadhi ya vipimo vya uwezekano vyenyewe vichaguliwe upya kwa nasibu kila mwaka. Kwa Mbeere, sehemu kavu ya Embu iliko Ishiara, hilo si jambo dogo, kwa sababu kinachomtia mkulima njaa huko ni mwaka mmoja mbaya, wala si wastani wa miaka 30.

Ubora wa desimali zenyewe nao una uzito. RANDU, kizalishi kilichoenea katika kompyuta za IBM miaka ya 1960, kilizidisha kwa 65,539, na namba zake zikipangwa tatu tatu kama nukta ndani ya mchemraba, zote huangukia katika tabaka 15 tu zilizo sambamba. Kati ya tabaka hizo hapana kitu. Mvua inayoamuliwa kwa namba zenye mpango wa siri kama huo inaweza kukosa kabisa baadhi ya mifuatano ya siku, na mtafiti akadhani ni tabia ya mawingu. Python na R siku hizi huanzia kwenye Mersenne Twister, kazi ya Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura iliyochapishwa mwaka 1998, ambayo msururu wake haurudii mwanzo hadi zitoke namba 2 kwa kipeo cha 19,937, kasoro moja.

Mbegu ya namba, kwa upande wake, haina budi kuandikwa katika daftari la jaribio pamoja na tarehe ya kupanda na kiasi cha mbolea. Aina mbili za mahindi zikijaribiwa ndani ya kompyuta kwa mbegu moja ya namba, zote mbili hunyeshewa siku zilezile na kukaukiwa siku zilezile, kwa hiyo aina ya muda mfupi ikitoa magunia mengi zaidi katika msimu wa vuli wa Siakago, huko Mbeere, tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa bahati ya mvua.