Ufundi wa Mali Kauli

Asubuhi, jua la Mtaa wa Kongo likiwa bado halijawa kali, bidhaa nyingi ambazo wamachinga wa Kariakoo wanazipanga juu ya meza na maturubai hazijalipiwa. Zimetoka dukani kwa mali kauli. Mwenye duka ametoa jozi za viatu, mchukuaji ametaja siku ya kulipa, wakaagana. Hapakuwa na hati wala dhamana. Riba haikutajwa, ingawa bei ya mali kauli mara nyingi huwa juu kidogo ya bei ya taslimu. Mchukuaji atauza, atarudisha fedha za watu, kinachozidi ni chake. Ndivyo asiye na mtaji anavyofanya biashara kwa mtaji wa mwenzake, na wenye maduka si haba walianzia hapo hapo.

Katika semina za ujasiriamali kijana huambiwa atafute koneksheni. Hutoka ukumbini na namba za simu za kutosha na picha alizopiga na wakubwa. Ajaribu sasa kuzipeleka namba hizo dukani akapewe gunia moja la mchele. Mwenye duka hatauliza unamjua nani. Atauliza mara ya mwisho ulilipaje. Ninausifu ufundi huu kwa sababu hiyo: hauwezi kununuliwa, na hauwezi kuharakishwa.

Una hatua zake. Mteja mpya hununua taslimu. Hurudi duka lile lile, hata wiki ambayo jirani ameshusha bei. Siku moja fedha yake inapungua, na muuzaji anamwambia, “Chukua, utaleta.” Kiasi ni kidogo makusudi, kwa kuwa anapimwa. Akileta kesho yake bila kukumbushwa, safari nyingine atapewa katoni nzima. Miaka ikienda, huenda wakachangia kontena moja kutoka Guangzhou, watu wawili ambao benki ingewadai hati za nyumba kabla ya kuwasikiliza.

Mwenye duka naye hupimwa. Akiwa mjanja wa siku moja, atamtupia mchukuaji mikoba iliyomdodea ili apate nafasi stoo. Mikoba itadoda huko nako, na deni litadoda pamoja nayo. Mwenye akili humpa mzigo unaotoka, hupokea bila kununa kilichoharibika, na mzigo mpya ukishuka humpigia simu kabla haujamalizwa na wengine. Anajua kwamba faida ya yule kijana ndiyo itakayomlipa.

Lakini fundi hutambulika siku ambayo fedha haipo. Mvua imenyesha wiki nzima, wateja hawajatoka majumbani, na ahadi ilikuwa Jumatatu. Asiye fundi huzima simu, kisha huanza kupitia Mtaa wa Msimbazi ili asionekane dukani. Fundi huja Jumamosi, mwenyewe, na alichonacho: “Shikamoo, mzee. Biashara imelala. Nusu hii hapa, iliyobaki naomba hadi Ijumaa.” Hiyo si adabu tupu. Mwenye duka naye anadaiwa na aliyemletea mzigo. Akijua mapema, atapanga, na akijua Jumatatu jioni, ataumbuka mbele ya watu wake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangeongeza kwamba kabla ya dawa, mgonjwa aonekane.

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliwaka moto, na mali za watu zikateketea. Aliyepoteza mzigo katika janga la namna hiyo hana cha kumwonyesha ofisa mikopo. Kama anao watu watakaomwambia, “Njoo uchukue, tuanze upya,” aliwapata kwa zile Jumamosi za miaka iliyopita.

Kauli haiifukuzi kalamu, hata hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Mwambao wetu, ambako hesabu na nahodha aliyeondoka na kusi iliweza kungoja hadi kaskazi irudi, ulikuwa na kila sababu ya kuielewa. Kwa lugha ya dukani tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika si kumshuku mwenzako. Ni kuwakinga wajane na watoto wa pande zote mbili, ambao hawakuwapo siku maneno yalipotamkwa.

Ufundi huu una dosari, nayo ni kubwa. Humfaa zaidi mwenye ndugu sokoni, au anayetoka kijiji kimoja na mwenye duka, au anayeswali au kusali pamoja naye. Binti aliyeteremka juzi stendi ya mabasi ya Magufuli kutoka Songea, hana shangazi wala mjomba mjini, atakuwa mwaminifu kwa nani na hakuna aliyemjaribu? Mikopo ya riba kali, ile iitwayo kausha damu, inamngoja yeye kwanza.

Ndiyo maana cheo cha juu kabisa katika kazi hii si kupewa mzigo mkubwa. Ni kumshika mkono mgeni kama huyo, kumpeleka dukani na kusema, “Huyu mpe, akishindwa nidai mimi.” Anayesema hivyo anaweka rehani jina alilolijenga kwa miaka, kwa ajili ya mtu asiyemlipa chochote. Wanaothubutu ni wachache, na baadhi yao wameshalipa madeni yasiyo yao. Bado hufanya hivyo, kwa sababu wanakumbuka nani aliwasemea wao.