Lami Imetoka, Sasa Tazama Rangi

Kutoa lami kwenye gari si kazi ngumu. Kijana yeyote mwenye tambara na chupa ya mafuta ya taa ataitoa, na mwenye gari ataondoka ameridhika. Ndiyo maana kazi hii hupimwa vibaya. Mteja hutafuta doa jeusi, asipoliona analipa. Ningependa aangalie kitu kingine: rangi iliyobaki pale doa lilipokuwa.

Kwa mkazi wa Matulo, huku kwetu, jambo hili si la anasa. Hapo jirani, Webuye, barabara ya kutoka Eldoret kwenda Malaba inakutana na A1, ile inayoanzia Isebania, ikapita Kisumu na Kakamega, kisha Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, na kuendelea Lodwar mpaka Lokichoggio. Malori ya Uganda na matrekta ya miwa huzichosha barabara hizi, na kila kiraka kipya huwarushia wapitaji lami. Itazame Probox nyeupe iliyorudi kutoka safarini. Vidoa vimeshika nyuma ya magurudumu ya mbele, chini ya milango na kwenye bampa ya nyuma, na juu yake pameganda vumbi jekundu.

Mwoshaji anayeijua kazi huanza kwa kulitambua doa lenyewe. Wajenzi wetu wa barabara wakishashindilia kokoto humwaga MC-30, ambayo ni lami iliyolainishwa kwa mafuta ya taa. Si ajabu basi kwamba mafuta ya taa huiyeyusha kwa wepesi. Kabla ya kubandika tabaka jipya, na penye viraka, hutumia K1-60, lami iliyochanganywa na maji. Hiyo humwagwa ikiwa ya kahawia, kisha hugeuka nyeusi maji yanapoachana nayo. Ukirushiwa ingali kahawia, maji mengi papo hapo yanaweza kutosha. Ikishakuwa nyeusi, maji peke yake hayaiwezi tena. Kwa hiyo nikimwona mwoshaji amechuchumaa kando ya gurudumu, analigusa doa kwa ncha ya kidole na kuuliza limepatikana lini, najua gari limefika mahali pazuri.

Swali lake la pili linapaswa kuwa hili: “Mzee, hii ni rangi ya kampuni ama ilipigwa?” Magari yetu mengi yalikuja yakiwa yametumika Japani, na baadhi yamepita mikononi mwa mafundi wa jua kali zaidi ya mara moja. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150. Klia, ile vanishi angavu ya juu, ni kama mikroni 40 au 50 tu, nyembamba kuliko unywele. Hata hivyo rangi hiyo ilikaushwa kwa joto la tanuri na inayastahimili mafuta ya taa. Rangi ya 2K iliyotiwa hadina (kigumishi) ya kutosha nayo inastahimili, mradi imekwisha kukomaa. Shida iko kwenye rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi. Hiyo hukauka kwa thina kuruka hewani basi, na thina ikirudi juu yake hata baada ya miaka, rangi inalainika upya na kufuata tambara.

Kwa sababu hiyo fundi makini hajaribu dawa yake ya kutolea lami katikati ya mlango. Hujaribu kwanza chini ya bampa au kwenye ukingo wa ndani wa mlango, kisha analitazama tambara. Likirudi na rangi, anaiweka kando dawa kali na kuchukua mafuta ya kupikia, au hata Blue Band. Mafuta ya jikoni hulainisha lami polepole, lakini hayadhuru rangi changa wala ya NC. Tahadhari moja hapa: Toyota nyeupe kadhaa zilitoka kiwandani bila klia, na hizo huacha weupe kidogo kwenye tambara hata mkono ukiwa mwepesi. Weupe huo peke yake usikutishe. Lakini gari jekundu au la buluu lenye klia likiacha rangi kwenye tambara, kuna tabaka limeshapenywa, na kazi isimame hapo hapo.

Na petroli? Inafanya kazi haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowavutia vijana. Huruka kabla haijazama kwenye doa, hivyo mkono hulazimika kusugua. Hushika moto kwa cheche ndogo, na hukausha ngozi ya mikono. Thina ni mbaya zaidi. Sioni sababu ya kuipeleka thina karibu na gari ambalo historia ya rangi yake haijulikani.

Sasa tufike kwenye kiini. Mikwaruzo mingi inayobaki baada ya kutoa lami haitokani na lami, wala na dawa. Inatokana na mchanga. Kila kidoa kimekamata chembe za changarawe na udongo wa njiani, na anayesugua doa kavu anazungusha changarawe hiyo juu ya klia. Kwa hiyo gari huoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni, hasa ubavu wa chini, hadi maji yanayotiririka yawe safi. Kisha likae kivulini mpaka bati lipoe, kwa sababu kwenye bati la moto dawa hukauka kabla ya kufanya kazi. Hapo ndipo kitambaa kilicholoweshwa dawa hulazwa juu ya doa na kuachwa dakika chache. Lami inaanza kutokwa na machozi ya kahawia. Kitambaa kinapitishwa mara moja, kuelekea upande mmoja, kinainuliwa, kinakunjwa upande safi, na kurudishwa. Doa gumu hupewa muda zaidi, halipewi nguvu zaidi. Ukiona wembe, ukucha, waya wa kusugulia sufuria au tambara moja lililokwishakuwa jeusi likizunguka mlango mzima, chukua ufunguo wako uende.

Ukaguzi una wakati wake. Usikague gari likiwa bado na mafuta, kwa kuwa mafuta hujaza mikwaruzo na kuificha, na gari linametameta kuliko lilivyo. Omba lioshwe tena kwa sabuni, lisuuzwe, likauke. Kisha lisogeze juani, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, jua linapokuja kwa mshazari. Chuchumaa usawa wa mlango na utazame ubavu kwa urefu wake. Vijiduara vyembamba pale palipokuwa na doa vinaonyesha mkono uliosugua. Ukungu usiofutika unaonyesha dawa iliyoila rangi.

Baada ya macho, tumia mkono. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 2017, lakini karatasi ya nailoni ya mkate bado ipo kila nyumba, na inatosha. Ingiza mkono ndani yake, upitishe kiganja taratibu juu ya rangi. Nailoni hukuza hisia, na vidoa ambavyo jicho halikuvikuta utavisikia vikikwaruza.

Angalia na majirani wa rangi. Mpira wa mlango ukiwa umevimba, mafuta yaliachwa juu yake. Plastiki nyeusi ya bampa isiyopakwa rangi ikiwa imechujuka, huenda ilimwagiwa petroli. Kioo cha taa ya mbele, ambacho siku hizi ni plastiki, kikiwa na nyufa kama nyuzi, huenda thina imepita hapo, na hakuna wa kuziondoa.

Rangi ya kahawia iliyofifia kwenye gari jeupe ni habari tofauti. Lami iliyokaa miezi huachia mafuta yake yapenye rangini, na hilo si kosa la mwoshaji. Ninachodai kwake ni kwamba aseme kabla ya kuanza.

Mwisho limwagie gari maji. Mafuta yaliyoitoa lami yameitoa na nta pia, kwa hiyo maji yatatanda badala ya kukusanyika matone. Fundi anayerudishia nta bila kuombwa anastahili malipo zaidi, na mimi humpa.

Chunguza pia maji yake machafu yanakwenda wapi. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kuchafua mito, na hapa kwetu mto ni Nzoia, unaopita Webuye na kuteremka hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Penye shimo la kunasa mafuta na mchanga kabla maji hayajatoka, hapo ndipo ninapopeleka gari langu, hata nikingoja foleni.