Uta wa Mkole

Nyuta zimepita nyingi mikononi mwangu. Upo nilioununua kwenye maduka ya vinyago mjini Arusha, wenye shanga na upote wa nailoni, mzuri kutundikwa ukutani. Upo mdogo wa majirani zangu Waarusha, wa kumtoboa ng'ombe mshipa wa shingo. Mshale wake una kizuizi nyuma ya chembe ili usizame, damu ikingwe na mnyama apone. Upo pia wa kisasa, ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, jamii ya zile zinazoshindaniwa kwenye Olimpiki tangu mchezo huo uliporejeshwa mwaka 1972. Mkunjo huo huongeza nguvu, na mshale hutoka kwa kasi kweli.

Hata hivyo, jioni ninapolenga gogo la mgomba shambani Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, uta ninaouchukua ni wa Kihadzabe. Niliupata Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwa fundi aliyeuchonga kwa kisu kimoja tu.

Uzuri wake uko pale ambapo kisu hakikupita. Mgongo wa uta, upande unaotazama shabaha, ulibanduliwa gome na kuachwa. Nyuzi za mti zimekwenda mfululizo toka ncha hadi ncha, nazo ndizo zinazonyooshwa uta unapovutwa. Ukizikata, ufa utaanzia hapo hapo. Kinachochongwa ni tumbo, upande wa mpigaji. Fundi hupunguza kidogo, huupinda, huutazama, kisha huurudia upande uliobaki mgumu, mpaka pande zote mbili zikubaliane. Kijiti cha mshale hukipasha moto, akakiuma kwa meno na kukinyoosha, jicho moja limefumbwa. Manyoya ya kanga huyafunga kwa kano, na chembe huifua kutokana na msumari.

Uta huu hauna kilengeo, wala haukuruhusu uuvute kisha usimame kufikiri. Ni mgumu; bega, mgongo na pumzi hufanya kazi kwa pamoja, na kuvuta na kuachia huwa tendo moja. Wa kisasa hunisaidia kupiga vizuri. Huu umenifundisha kupiga, ndiyo maana naupenda kuliko zote.

Ukiondoa ule msumari, kila kilichomo katika uta na mshale wake kimetoka porini: mti wa mkole, kano za mnyama, manyoya ya ndege. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao. Mtu anaweza kuiona hati hiyo kuwa habari ya mipaka na mihuri. Mimi naiona kuwa sehemu ya ufundi huu, kwa sababu fundi asiye na pori la kuchagulia mti hawezi kumrithisha mwanawe jicho la kuchagua. Tukiusifu uta, tulilinde na pori lake.