Katangi Kutoka Angani

Video inaanza juu. Droni inapaa, gita linaingia taratibu, halafu mistari ya njano inajichora kwenye shamba kama mtu anayekata keki. Kijana mchangamfu anatuambia tuko Katangi, kaunti ya Machakos: hamsini kwa mia, stima ipo, maji yapo, taito ziko redi, weka depositi leo na salio utalimaliza polepole. Sekunde tisini, imeisha. Kabla hujapumua simu inakuletea nyingine ya Matuu. Kisha ya Joska. Kisha ya Malaa.

Nimetazama nyingi mno kwa mtu asiye na pesa ya ploti. Nafikiri ni wakati tuzisome jinsi tunavyosoma hadithi, maana ni hadithi. Zina msimulizi, zina mandhari, zina mwisho mwema. Na wengi wetu wa Nairobi tumeijua Yatta kupitia hizi kuliko kupitia kitabu chochote.

Tuanze na majira. Katika video za ploti, Ukambani ni kijani. Mtu wa huku anajua kwa nini. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo ukirusha droni mwezi wa kumi na mbili utapata nyasi mpaka upeo wa macho. Njoo Septemba uone vumbi jekundu, uone watoto na madumu yao. Neno "maji yapo" nalo lina kazi ngumu sana. Yapo wapi? Bombani, kisimani, au kwenye bauza la yule jamaa wa sokoni? Kisima kikichimbwa, ni maji baridi au ni yale ya chumvi ambayo hata sabuni inayakataa? Msimulizi ameshahamia kwenye barabara.

Barabara hupimwa kwa dakika. Dakika kumi kutoka lami, dakika tano kutoka sokoni. Kwa gari gani, sijui. Kwa miguu, labda ya Kipchoge.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna watu. Hakuna mama anayepalilia, hakuna mbuzi, hakuna jirani aliyesimama kwenye mpaka wa mkonge akiuliza nyinyi ni akina nani. Zamani ulinunua shamba ukiwa na hadhira. Mzee wa kijiji alikuwepo, majirani wa pande zote walitembea nawe mpakani, na ukafika mbele ya Bodi ya Ardhi, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inasema shamba la kilimo haliuzwi bila idhini yake. Huko bodini ndiko mke wa muuzaji alipopata nafasi ya kusema, "Mimi sijui habari hii." Bodi bado ziko. Ila siku hizi unazikumbuka baada ya kulipa depositi.

Sitaki kuonekana mtu wa kulilia zamani. Hiyo hadhira nayo ilikuwa na bei yake. Shangazi yangu aliuza kipande chake wakati broka mmoja tu ndiye aliyejulikana sokoni, naye ndiye aliyemwambia ardhi ni pesa ngapi. Alimwamini, angefanya nini? Leo angefungua simu, akaona ploti za jirani zinatangazwa kwa bei gani, akamcheka yule mtu usoni. Ofisi za ardhi nazo, uliza yeyote aliyewahi kuambiwa "faili halionekani" mpaka atoe chai. Ardhisasa ilipozinduliwa Aprili 2021, ikianzia Nairobi, watu walifurahi kwa sababu hiyo hasa: kompyuta haiombi chai. Na muuguzi wa Kikamba aliye Doha, ambaye zamani alimtumia kaka yake pesa ya shamba na kaka akanunua pikipiki, sasa angalau anaona udongo kabla ya kutuma.

Kwa hiyo mashine imesaidia. Swali langu ni inamsaidia nani kumwona nani.

Mwaka jana binamu yangu alituma video kwenye grupu ya familia bila neno lolote. Droni, gita, mistari ya njano. Sekunde ya thelathini hivi ikapita juu ya mgunga wenye mzinga wa nyuki, nami nikaketi. Ule mzinga alituachia babu. Chini yake kidogo kulikuwa na bati la nyumba ya susu, na mstari wa njano ulikuwa umepita katikati ya jikoni. Kijana mchangamfu akasema taito iko redi.

Hakusema uongo, hilo ndilo linaloniuma. Taito ipo. Imo kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku, kwa jina la babu, na babu tulimzika kabla sijamaliza shule ya msingi. Mirathi haikuwahi kufunguliwa. Anko alikuwa "amezungumza tu" na watu fulani, ati waangalie soko. Ungefanya upekuzi wa rejista, ungepata jina, ukubwa wa shamba, na kwamba halina deni la benki. Rejista haikuambii mwenye jina amelala chini ya ule mwembe, wala kwamba ndani ya hiyo nyumba kuna mwanamke anachemsha uji.

Sheria imeanza kuliona pengo hilo kabla ya video. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba haki ya familia ya kimila inaweza kuifunga ardhi hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ikasema hati peke yake haitoshi. Mnunuzi lazima aulize ilikotoka. Oktoba mwaka huohuo, hapahapa kaunti yetu ya Machakos, matingatinga yaliingia Mavoko kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na nyumba za watu waliosema wamelipa pesa zao zikalazwa. Syokimau walikuwa wameyaona hayo tangu 2011. Hakuna droni iliyorudi kupiga sehemu hiyo kwa muziki wa gita.

Kama mhakiki, basi, lalamiko langu si kwamba video hizi zinadanganya. Nyingine zinadanganya, na polisi wapo. Lalamiko ni pembe ya kamera. Ukitazama kutoka juu kiasi kile, nyumba ni doa, kaburi ni kivuli, mpaka wa mkonge ni mkwaruzo, na kila kitu kilichobaki ni nafasi tupu inayokungoja wewe. Ningependa kuona moja tu iliyopigwa kwa urefu wa mtu, Septemba, mpigaji akibisha hodi.

Anko aliiondoa baada ya siku tatu za simu. Wikendi hiyo nilienda Katangi, nikamwonyesha susu ile video, niliyokuwa nimeihifadhi. Hakuwahi kuona kwake kutoka juu. Aliomba nirudie, kisha nirudie tena, akaisogeza simu karibu na jicho lake zima. Nikadhani atalia au atamlaani mtoto wake.

"Kumbe bati la upande ule limetoboka," akasema. "Mwambie anko wako alete misumari."