Hesabu mbili za Arlen Specter

Jumanne, Aprili 28, 2009, Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania alitangaza kwamba anakihama chama cha Republican, alichokitumikia kwa zaidi ya miaka 40, na kujiunga na Democratic. Walioandika siku ile waligawanyika kati ya usaliti na ujasiri. Mimi sina haja na hayo. Nataka kuangalia ufundi wenyewe: Specter, mwanasheria hodari na mwanasiasa mzoefu, alikuwa na hesabu mbili mezani, akaipata moja na kuikosa nyingine.

Kwanza sheria, maana msomaji wa Dodoma au Nairobi atauliza: alihamaje na kiti kikabaki chake? Katiba ya Tanzania, kama ya Kenya, humvua ubunge aliyekihama chama kilichompeleka bungeni. Katiba ya Marekani haivitaji vyama kabisa. Seneta akishachaguliwa, miaka sita ni yake. Phil Gramm wa Texas, alipohama Democratic mwaka 1983, alijiuzulu kiti chake cha Baraza la Wawakilishi na kukigombea upya kwa tiketi ya Republican, akakirudisha. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua tu kwamba aliyechaguliwa upya hana wa kumuuliza kadi yake imetoka wapi. Specter hakupita njia hiyo.

Hesabu ya kwanza ilihusu mchujo. Pennsylvania mchujo hufungwa: anayepiga kura ya Warepublikani ni yule tu aliyejiandikisha kuwa Mrepublikani. Mwaka 2004 Specter, aliyezoeleka kwa msimamo wa kati, aliponea chupuchupu mbele ya mpinzani wake wa mrengo wa kulia, Pat Toomey, asilimia 51 kwa 49, na hapo alikuwa ameungwa mkono na Rais Bush. Miaka minne baadaye Warepublikani wa msimamo kama wake walikuwa wamehamia daftari la Democratic. Yeye mwenyewe alitaja zaidi ya watu 200,000. Kisha, Februari 2009, akawa mmoja wa maseneta watatu tu wa Republican walioupigia kura mpango wa Obama wa kuchochea uchumi. Toomey akarudi ulingoni. Kura za maoni zikaonyesha kwamba mzee anapigwa, na alisema waziwazi kuwa hatakubali kazi yake ya miaka 29 katika Seneti ihukumiwe na wapiga kura waliobaki. Hapo alihesabu sawasawa.

Sasa hesabu ya pili, ya bei. Seneti ina viti 100, na kuufunga mjadala ili mswada upigiwe kura huhitaji 60. Specter aliwafikisha Wademokrati, pamoja na maseneta huru wawili waliokaa nao, kwenye 59, huku Al Franken wa Minnesota akisubiri kesi ya uchaguzi imalizike. Alipoapishwa Julai, wakatimia 60. Kwa hiyo thamani ya Specter ilikuwa kileleni kabla hajafungua mdomo hadharani.

Aliyejua kuuza wakati huo ni Jim Jeffords wa Vermont. Mwaka 2001 Seneti ilikuwa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Dick Cheney ndiye aliyewapa Warepublikani uongozi kwa kura yake ya turufu. Jeffords aliondoka, Wademokrati wakaichukua Seneti. Lakini uenyekiti wa Kamati ya Mazingira ulikuwa umeshakubaliwa, Seneta Harry Reid wa Democratic akiwa tayari kumpisha, na kuhama kwenyewe kulingoja mswada wa kodi wa Bush upite kwanza. Tena hakuwa Mdemokrati. Alikuwa seneta huru anayeketi nao. Mchujo wa mtu haukumhusu.

Specter alitoa mali kauli. Reid, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa walio wengi, alimwahidi kuwa ukongwe wake ungehesabiwa kana kwamba alichaguliwa Mdemokrati tangu 1980. Wiki moja tu baadaye, Mei 5, Seneti ilipitisha azimio kwa kura ya sauti lililompeleka karibu mkiani katika kamati zake. Katika Seneti ukongwe ndio huamua nani anauliza kwanza na nani anaongoza kamati. Seneta Dick Durbin baadaye alimwachia kamati ndogo ya masuala ya uhalifu. Ni kifuta jasho.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mchujo wa Democratic wa Pennsylvania nao umefungwa. Alimkimbia Toomey akaingia kwenye daftari la watu ambao kwa miaka 29 walikuwa wakipiga kura kumwondoa. Obama, Biden na Gavana Ed Rendell walimuunga mkono, lakini Marekani hakuna kikao cha kukata majina. Mbunge Joe Sestak, admirali mstaafu, aligoma kujitoa, hata Ikulu ilipomtumia Bill Clinton kumpima kama angekubali nafasi ya ushauri isiyo na mshahara. Tangazo lake la televisheni lilimrudisha Specter akisema kwa kinywa chake kwamba kubadili chama kutamwezesha kuchaguliwa tena. Mei 18, 2010, Sestak alipata asilimia 54.

Cha kushangaza, Specter alishawahi kuhama kwa usahihi. Mwaka 1965, akiwa bado Mdemokrati, aligombea kwa tiketi ya Republican nafasi ya mwendesha mashtaka wa Philadelphia, akamwangusha bosi wake wa zamani, James Crumlish, ndipo akabadili uanachama. Kiti kwanza, kadi baadaye.

Wanunuzi, kwa upande wao, walipata walichotaka. Desemba 24, 2009, mswada wa bima ya afya ulipita Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39, baada ya mjadala wake kufungwa kwa kura 60, bila hata moja ya akiba. Na Agosti 2010, akiwa ameshashindwa na hana cha kutafuta, Specter alimpigia Elena Kagan kura ya kuingia Mahakama ya Juu. Machi 2009, Toomey akimnyemelea, alikuwa amemkataa mwanamke huyohuyo kwa kazi ndogo zaidi ya wakili mkuu wa serikali.