Mzunguko wa Tatu wa Filbert Bayi

Makocha wengi wanaofundisha vijana riadha kwenye viwanja vya Temeke na Kinondoni husimulia mbio za Mtanzania Filbert Bayi za Christchurch kwa namna moja: kijana alitoka nduki tangu mlio wa bastola, akawaacha wenzake, akavunja rekodi. Simulizi hiyo inambakiza Bayi na mapafu na ujasiri tu. Saa inaonyesha kwamba alikuwa na hesabu pia, na hesabu hiyo ndiyo vijana wetu hawafundishwi.

Ilikuwa Februari 2, 1974, siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500. Wenyeji walikuwa na John Walker na Rod Dixon. Kenya ilikuwa na Ben Jipcho, ambaye kwenye michezo hiyohiyo alikuwa ameshatwaa dhahabu ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji. Bayi, mwenye miaka 20, alishinda kwa dakika 3:32.16 na kuifuta rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Walker alimaliza wa pili kwa 3:32.52, hata yeye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo wastani wa Bayi ni sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Lakini hakukimbia kwa wastani. Mzunguko wa kwanza aliumaliza chini ya sekunde 55. Mita 800 alizipita kwa karibu dakika 1:52, maana yake mzunguko wa pili ulimchukua kama sekunde 57. Wa tatu ulizidi 58. Halafu mita 300 za mwisho akazikata kwa sekunde 41 na ushee, mwendo ambao ukiuvuta hadi mita 400 unakurudisha kwenye sekunde 55 hivi.

Mzunguko huo wa tatu ndio ulioamua mbio. Kundi lilianza kumkaribia, na mtu aliyekaa jukwaani angeapa kwamba kijana amekwisha. Kumbe pengo alilojenga mwanzoni lilimpa ruhusa ya kupumua huku bado anaongoza. Waliokuwa nyuma ndio waliolazimika kuongeza kasi ili kulifunga, na kazi hiyo waliifanya mapema kuliko walivyopenda. Walker alipomsogelea kwenye mita za mwisho, Bayi alikuwa bado na akiba ya kujibu.

Kuna pia faida ya kona, ambayo haizungumzwi sana. Anayeongoza anakumbana na upepo, hilo ni kweli, lakini anashika mstari wa ndani bila kugombana na mtu. Mbio za mita 1500 zina kona saba. Ukiipita kona moja tu ukiwa kwenye njia ya pili, unaongeza karibu mita nne. Tofauti ya Bayi na Walker ilikuwa sekunde 0.36, ambayo kwa mwendo wao ni kama mita mbili na nusu. Kwenye fainali iliyojaa wakimbiaji wa kiwango kile, kubanwa au kusukumwa nje kwenye kona moja kungetosha kumnyima dhahabu.

Mbinu hiyo ya kuongoza haikuzaliwa siku ile. Januari 1973 alimshinda Kipchoge Keino kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos. Kiangazi cha mwaka huohuo, katika mbio za maili mjini Stockholm, aliongoza kwa kasi hadi Jipcho akampata na kumshinda, 3:52.0 kwa 3:52.6. Ukiziweka mbio hizo mbili pamoja, unaona mtu ambaye tayari alijua kuongoza na alikuwa akitafuta namna ya kuongoza bila kuishiwa. Christchurch aliipata.

Mbinu hiyo ina mipaka yake pia. Moscow 1980, kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Bayi aliongoza tena kwa pengo kubwa, lakini Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia mzunguko wa mwisho na kumwachia fedha. Kwa maoni yangu, viunzi ndivyo vilivyoharibu mpango: ni vigumu kupumzika ukiwa kwenye mwendo wakati kila baada ya hatua kadhaa lazima uruke.

Rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham mwaka 2022. Siku hizi jina la Bayi linasomeka kwenye shule zake Kimara, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya wilaya ya Ubungo kuanzishwa, na watoto wa huko hawakosi pumzi. Wanachohitaji ni kocha anayepima kila mzunguko peke yake badala ya kusubiri muda wa mwisho. Simu ya kawaida ina saa ya kufanyia kazi hiyo. Mkimbize kijana mita 400 mbili kwa kasi, ya tatu mwambie alegeze mabega na apunguze kasi kwa sekunde moja au mbili bila kuvunja hatua, kisha mfungulie mita 300. Akishindwa kuongeza mwishoni, mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa ya kasi kupita uwezo wake. Irekebishe hiyo kabla hujamlaumu kwa uvivu.